Muuza krimu amevaa glavu

Wasee, leo krimu ya kung'arisha uso imenitisha kabla hata niipake.

Niko Kawangware, steji ya 46, kwa mathe anayeuza vipodozi. Anachota krimu kwa ndoo isiyo na jina, anatupimia kwa vikopo.

Nikaona amevaa glavu. Zile nzito za kuoshea choo.

"Mathe, mbona glavu?"

"Hii kitu inachoma, mrembo. Ilinitoa ngozi ya mikono."

"Na mimi napaka wapi?"

"Uso. Asubuhi na jioni."

Nikangoja acheke. Hakucheka.

Dada aliyekuwa nyuma yangu kwa laini akanigusa bega. "Kama hutaki, songa. Wengine tuko na harusi Jumamosi."

Nikasonga. Akabeba chake, akabeba na changu.

Sasa niambieni ukweli, mimi ndio mshamba?