Mlinzi wa mnara wa taa bado anasubiri barua

Jamani, sikieni yaliyonikuta!

Leo tumetoka Mwanza kwa boti kwenda kisiwani, kuona mnara wa taa wa zamani. Mawe, matete, mamba. Nikajua hakuna mtu.

Ghafla mlango ukafunguliwa! Akatoka mzee na kitabu cha wageni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Andika jina hapa."

Jina la mwisho humo liliandikwa mwaka tisini na nne.

Ni la marehemu baba yangu!

(Serikali ilipopunguza wafanyakazi, baba ndiye aliyetumwa kufunga vituo vya taa kama hiki.)

Mzee akausoma ubini wangu, akaninyooshea mkono.

"Baba yako alisema atanitumia barua ya kuachishwa kazi, ndipo nikabidhi funguo. Umeileta?"

Hebu niambieni, ningemjibu nini?