Mwikali na Namba 510,510

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya upili karibu na mji mdogo wa Sultan Hamud, Mwalimu Mkuu alinikabidhi kalamu nyekundu na onyo. "Mwalimu Mutua, hapa jibu bila hatua ni jibu la wizi." Hatua ni ile hesabu anayoandika mwanafunzi tuone alivyofikia jibu. Nilikubaliana naye kabisa. Ilikuwa miaka ya sabini, na kuvuja kwa mtihani kulitutia hofu sote.

Muhula wa pili alitunga mtihani wa hesabu mwenyewe, akaufungia kabatini. Swali la mwisho liliwataka wanafunzi waigawanye 510,510 mpaka zibaki namba tasa tupu, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Wengi walijaza ukurasa, wakakwama. Mwikali, msichana mkimya wa kidato cha pili, aliandika mstari mmoja: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17. Hatua hakuna.

"Funguo za kabati tunazo wawili," Mwalimu Mkuu aliniambia, akinikazia macho. "Mimi sikumwonyesha."

Akanipa barua ya kumfukuza niitie sahihi kabla ya saa kumi.

Nilimwita Mwikali ofisini. Nami nilimshuku, nilitaka tu kujua ni nani aliyemfungulia. Niliandika 391,437 ubaoni. Akajumlisha tarakimu zake, akapata ishirini na saba, akasema inagawanyika kwa tisa. Ikabaki 43,493, akashindwa. Nikashika kalamu niitie barua sahihi.

"Mwalimu, sikuiba," alisema. "Nipe nyingine inayojirudia kama ile ya mtihani."

Niliandika ya kwanza iliyonijia, 323,323. Jibu lake mimi mwenyewe sikulijua. Akafikiri kidogo. "Saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa."

Nilizizidisha zote, kisha nikarudia kuhakikisha. Ilikuwa sawa.

"Umejuaje?"

"Ni 323 mara elfu moja na moja. Na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Kwetu ni kando ya reli. Nikichunga mbuzi huwa nagawanya namba za mabehewa."

Nilirudisha barua bila sahihi. Mwalimu Mkuu alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akauliza, "Na wewe alikufundisha lini kusema hivyo?" Bila sahihi yangu barua haikutumwa, na Mwikali alibaki shuleni. Mimi nilihamishiwa shule ya mbali, huko Matinyani, muhula uliofuata, na barua ya uhamisho haikutaja sababu.

Nimestaafu sasa. Walimu vijana hunisifu kwa kumtetea yule msichana. Sifa hiyo hainikai vizuri. Kabla yake niliwapa sifuri wengi walioandika mstari mmoja tu, na hakuna hata mmoja niliyemwita ofisini kumuuliza alijuaje.