Chumba cha Pili cha Bi Rukia

Kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, siku niliyosikia maswali yangu mwenyewe yakitoka midomoni mwa watoto nisiowajua. Hakukuwa na giza. Ilikuwa asubuhi, jua limewaka, mapumziko ya uji, kwenye shule moja ya msingi upande wa Kimbiji. Nakuhadithia leo kwa sababu umeniletea habari njema kwamba umepata nafasi ya kusomea udaktari wa elimu, na hapo hapo ukaniambia kozi zitasubiri, kwanza uende shuleni ukakusanye data. Nikakupa hongera. Ukadhani nimefurahi. Aa, wapi! Nilikuogopea.

Wakati huo mie nilikuwa mwalimu wa sekondari huku Temeke, damu inachemka, mguu mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mwajiri alinipa ruhusa ya masomo yenye mwisho wake. Mwisho ukifika hujamaliza, unarudi kwenye chaki zako, na udaktari unabaki kuusikia kwa wenzio. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Chuo nacho kilikuwa na utaratibu: kozi kwanza, yaani falsafa ya elimu, mbinu za utafiti, maadili, takwimu. Ukifaulu zote unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya jopo la maprofesa wakikukodolea macho, ndipo unapewa kibali cha kuingia shuleni. Kozi nyingine nilikuwa nimeshazipita. Takwimu nilikuwa naiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano, nikaona njia ya kuikwepa ni kwenda shuleni kwanza.

Nikampelekea msimamizi wangu mpango huo. Profesa Hamdani alikuwa mzee wa Kinondoni, sauti yake ndogo, hata ukikaa naye meza moja ilibidi uiname umsikie. Utafiti wangu ulihusu watoto wanaosoma maneno bila kuelewa wanachokisoma. Alisoma maswali niliyotaka kuwauliza watoto hao, akayarudia, akavua miwani akakaa nayo mkononi. Nilijua atanikatalia. Hakunikatalia.

"Kabla ya pendekezo mnaruhusiwa kwenda kuyajaribu maswali, siku moja tu," akasema. "Nenda Kimbiji. Mwalimu mkuu nitampigia mimi. Ukirudi utaniambia kama bado unataka kuanza na shule."

"Profesa, Kimbiji kote huko? Mbona Temeke shule zimejaa?"

"Nenda tu, binti yangu."

Nikavuka kwa pantoni, nikapanda bodaboda, na barabara ile wee acha tu, nimefika kiuno si changu. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini na wageni, nikaambiwa nisubiri nje. Nikazunguka nyuma ya madarasa kutafuta kivuli. Huko ndiko nilikowakuta watoto wamepanga foleni, kimya, si kimya cha watoto kabisa. Mbele yao kasichana kamekaa juu ya tofali, kijiti mkononi, kamewatazama kwa upole kama mtu mzima.

"Karibu ukae," kakamwambia wa kwanza. "Majibu yako yatakuwa siri. Unaweza kujitoa wakati wowote. Nyumbani unasoma na nani?"

"Nasoma na dada," akajibu mwenzake, "lakini taa ikiisha mafuta tunalala."

"Ukikosea kusoma, mwalimu anafanyaje?"

"Ananisubiri."

"Neno usilolijua unaliruka au unauliza?"

"Naliruka, kwa sababu kuuliza ni aibu."

Akaja wa pili. Maswali yale yale. Anasoma na dada, taa ikiisha mafuta wanalala, mwalimu anamsubiri. Wa tatu hivyo hivyo, na sauti ile ile ya kuimba imba. Mwanangu, yale yalikuwa maswali yangu. Nilikuwa nimeyaandika nyumbani kwangu, nimeyafungia kwenye mkoba, hakuna aliyeyaona isipokuwa mimi na Profesa. Nikaufungua mkoba kuhakikisha. Yamo, neno kwa neno, na kwa mpangilio ule ule.

Kasichana kakaniona. Hakakushtuka. Kakasogea kwenye tofali, kakapigapiga kiganja pembeni yake nikae, kakasema, "Shikamoo Bi Mtafiti. Leo umekuja bila mwavuli?"

Niliitikia marahaba kwa mazoea tu, nikarudi ofisini mbio mbio. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mcheshi anaitwa Mwalimu Chiku, aliniangalia usoni akajua.

"Umeshawaona," akasema. "Usiogope, mwalimu, hao hawana jini. Wanacheza mtafiti. Wengine wanacheza mama na baba, wengine kombolela, hawa wa kwangu wanacheza mtafiti. Niliukuta mchezo huo nilipohamia. Wadogo wanajifunza kwa wakubwa."

"Na aliyewafundisha?"

Akanionyesha kwa kidevu nyumba ya bati ng'ambo ya uwanja. "Bi Rukia. Alikuja kukusanya data ya udaktari, watoto aliowahoji sasa wana watoto wao humu darasani. Kibali chake kilishakwisha, ndani ya shule simruhusu. Ila watoto wanamwendea wenyewe, wanampenda. Profesa wako kanipigia, kasema nikupeleke kwake."

Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa na kiherehere, na tena hofu ina tabia ya kukuvuta kule kule unakoogopa. Nikavuka uwanja, nikapiga hodi.

"Karibu," sauti ikaitika kabla sijamaliza. "Ingia, nilikuwa nakusubiri."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mweupe, nywele zimeingia mvi, ushungi umekaa vizuri, dera safi limepigwa pasi. Mwavuli mweusi umeegemezwa mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kiti, akaweka kirekodi kidogo cha sauti mezani katikati yetu na kubonyeza kitufe. Ukutani, kuanzia sakafuni mpaka kwenye bati, kulipangwa makasha ya kanda. Hakukuwa na vumbi hata kidogo. Kila kasha limefutwa.

"Majibu yako yatakuwa siri," akaniambia, akitabasamu. "Unaweza kujitoa wakati wowote. Unasoma udaktari?"

"Ndiyo, Bi Rukia. Ila mimi nimekuja tu kukusa..."

"Wa elimu?"

"Ndiyo."

"Kozi gani imebaki?"

Sijui kwa nini nilimjibu. Alikuwa na namna ya kuuliza, kichwa kimeinama kidogo, macho yametulia, unajikuta umeshasema. "Takwimu tu," nikasema. "Nitaimalizia nikitoka shuleni."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jina la ndugu yake. "Na mie ilibaki takwimu," akasema. "Nilikuja na maswali mazuri. Watoto wakanijibu vizuri. Nikaona nitahitaji wengine, kwa sababu sikujua wangapi wanatosha. Nikaongeza. Nikaona hawa wa mwanzo wameshakua, majibu yao yamechacha, nikaanza na wadogo zao. Chuo wakaniita, wakaniuliza hawa watoto umewachaguaje, na utawapimaje. Nikawaambia nipeni muda kidogo. Nimebakiza kidogo tu sasa."

"Na nyumbani kwenu?"

"Walikuja." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Baba, mama, kaka zangu wa dukani. Niliwahoji wote."

Baadaye Mwalimu Chiku alinieleza kwamba watu wake ni Waarabu wa Temeke wa siku nyingi, wauza vitambaa, na kwamba mama yake alilia uwanjani pale mpaka masomo yakasimamishwa. Binti hakutoka. Hakuwa mwendawazimu, maana alipika, alisali, aliwatibu watoto vidonda. Alikuwa anangoja data itoshe.

Akainuka, akafungua mlango wa ndani. "Njoo uone," akasema. Nikaona chumba cha pili, kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka la rangi ya maziwa, meza dirishani, na juu ya meza kirekodi kingine kipya bado na nailoni yake. "Hiki chako. Nilijua atakuja mwenzangu."

Nikakaa kwenye kile kiti cha dirishani, mwanangu. Sijui niliambiwa nikae au nilikaa mwenyewe. Kutoka pale unauona uwanja wote, watoto wote, upepo unaingia vizuri, hakuna mtu wa kukuuliza umefika wapi. Hakuna jopo wala mtihani. Niliogopa, na kilichoniogopesha si yeye. Kilichoniogopesha ni kwamba nilijisikia nimefika.

Kilichoniinua ni watoto. Walikuwa wamejazana chini ya dirisha la sebuleni, wamesikiliza kila kitu, na sasa wameshaupeleka mchezo uwanjani. Nikasikia kale kasichana: "Kozi gani imebaki?" Na foleni nzima ikajibu kwa pamoja, kwa sauti yangu, kwa mapozi yangu, hata kile kijicheko changu cha mwisho wamekiweka: "Takwimu tu! Nitaimalizia nikitoka shuleni!"

Nilitoka pale sikuaga. Mkoba niliuchukua, kiatu kimoja nilikivalia njiani. Dereva wa bodaboda akaniuliza, "Sista, vipi, umefukuzwa?" nikamwambia washa pikipiki, twende.

Siku ya pili nilikuwa mlangoni kwa Profesa Hamdani kabla hajafika. Nilikuwa na hasira, na mie nikikasirika siangalii cheo cha mtu. "Ulinituma makusudi," nikamwambia.

"Makusudi," akakubali.

"Na maswali? Kwa nini maswali yangu ni ya kwake?"

"Kwa sababu wote wawili niliwafundisha kuuliza mimi." Akakaa. Siku hiyo sikuhitaji kuinama kumsikia. "Rukia alikuwa na akili kuliko wewe, usinune. Alikuja hapa akaniomba kama ulivyoniomba, aende kwanza, kozi atamalizia. Nikamwona ana hamu, nikasema huyu si wa kumfunga. Nikamwandikia barua ya kumruhusu. Mimi, kwa mkono huu. Ulipoleta maswali yale, nilidhani ni yeye amerudi."

Mzee alikuwa analia, na hakujificha.

"Mnadhani kozi ni adhabu," akasema. "Mchimba kisima haingii mpaka wa juu wamemfunga kamba. Kamba haimsaidii kuchimba. Inamtoa. Sasa nenda kajiandikishe takwimu, na usinionyeshe uso wako mpaka uwe umefaulu."

Nilijiandikisha. Jaribio la kwanza nilipata alama za kuaibisha ukoo, nikaenda kwa mwalimu wa takwimu nikamwomba anifundishe kama mtoto wa darasa la kwanza, na kijana wa watu akanifundisha. Nikafaulu. Nikakaa na Profesa tukapanga kila kitu kuanzia mwisho kurudi mwanzo: siku ya mwisho ya ruhusa yangu, kabla yake tasnifu, kabla yake data, kabla yake kutetea pendekezo. Nilipokwenda shuleni, na sikwenda Kimbiji, nilikwenda Chanika, nilijua nawataka watoto wangapi na siku yangu ya kuondoka naijua. Walipotimia nikafunga mkoba. Watoto wengine walilia, na mie nililia, lakini niliondoka.

Nikawa daktari wa elimu. Na joho lilipokwisha kufuliwa nikarudi kwa Bi Rukia, peke yangu, mchana. Nilikuwa nimeulizia chuoni: angeweza kupokewa upya, aanze na kozi, wapo tayari. Nikamweleza yote, nikamshika mkono, nikamwambia dada yangu njoo, nitakaa na wewe kwenye takwimu mpaka uielewe, gari liko nje. Alinisikiliza kwa makini sana. Machozi yalimlengalenga, nikasema alhamdulillahi, amenisikia.

Kisha akasogeza kirekodi karibu na mdomo wangu.

"Unaweza kurudia hapo mwisho?" akaniuliza. "Upepo umeingia."

Nikarudia, mwanangu. Ningefanyaje? Nikarudia taratibu, kila neno, naye akanishukuru. Ile sauti yangu inayombembeleza atoke iko kwenye kasha mpaka leo, imefutwa vumbi.

Basi nikuambie lililonifanya nikuite. Usiingie shule ya mtu kabla hujajua unauliza nini, unawauliza wangapi, na siku gani unatoka. Masharti ya chuo yasome yote, hata yanayokuchosha, ukakae na msimamizi wako muweke kila kozi mahali pake, ile inayotangulia itangulie. Ile unayoiogopa ndiyo uichukue mapema, wakati bado una watu wa kukushika mkono. Na msimamizi akikulegezea kwa huruma, mkatalie. Mwambie mama yako mkubwa amekukataza. Huko shuleni ni kuzuri, mwanangu, sikudanganyi. Ndiyo maana watu hawarudi.

Nenda kajiandikishe kesho. Mwenyezi Mungu akupe akili ya kuanza na nguvu ya kuacha, akuepushe na kazi isiyo na mwisho, akutoe salama kila utakapoingia, na akunyime kabisa utulivu wa pale dirishani. Amin.