Mtunza Panya wa Maabara

Mtunza panya wa maabara ile alikuwa mama mnene mwenye mikono myepesi, na hakufungua kizimba hata kimoja bila kubisha hodi kwa ukucha. "Amkeni, wanangu," huwaambia, kisha huwagawia chakula chao kilichojaa mafuta. Nusu yao huwadondoshea mdomoni bakteria wa mtindi, maana daktari mtafiti alitaka kujua kama bakteria hao huzuia unene na kisukari. Mama alimpima kila panya uzito akimkinga kwa kiganja, asiogope. Siku moja daktari aliruka kwa furaha, kwani panya mmoja wa mtindi alikuwa amekonda ajabu. "Umeona, mama? Inafanya kazi!" Mama alimgeuza panya taratibu, akamfunua mdomo. "Huyu ana njaa tu, daktari. Meno yamerefuka, hawezi kutafuna." Daktari alinywea, kwani kwa miezi minane hakuwa amepata matokeo mazuri kama yale. Akaufuta uzito wa panya yule kwenye daftari lake. Mama akampunguza panya meno kwa mkasi mdogo, akamlowekea chakula. Wiki iliyofuata akaita kwa sauti, uso umemchanua, "Daktari, njoo uone, kanenepa!" Daktari alikuja amenuna, akamtazama yule mama anavyofurahi, akajikuta anacheka naye.