Hoja ya Habibo

Nekesa Wandera alishona mashati kiwandani miaka kumi na miwili kabla ya kujiandikisha chuoni kusomea kompyuta. Majirani zake wa mtaa wa Umoja walimwona amechelewa, maana alikuwa karibu kutimiza arobaini. Lakini alijua alichokifuata. Kiwandani alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, na alichoshwa na mikutano ambayo mwenye sauti kubwa ndiye hushinda, hata kama anayoyasema hayana msingi.

Basi mradi wake wa mwisho ukawa programu ya kupima hoja. Unaingiza dai na sababu zinazolibeba, kisha unaonyesha kwa mishale hoja gani inapinga ipi. Kompyuta inafuata mapingamizi hayo moja baada ya jingine, halafu inasema ni hoja ipi imebaki imesimama, na kwa nini. Mwalimu wake, Daktari Mugo, alimwambia kwamba kwenye karatasi inapendeza, ila angependa kuiona katika ubishi wa watu halisi.

Ubishi ulikuwepo pale pale nyumbani. Mzee Githinji, mwenyekiti wa wakazi, alitaka kichochoro cha kutokea barabarani kizibwe, akidai wezi walioiba katika nyumba tatu walipitia hapo. Jumapili moja alasiri wakazi walikutana, na Nekesa akaruhusiwa kuingiza kila hoja iliyotolewa, michoro ikionekana kwenye runinga iliyotolewa nje. Daktari Mugo aliketi nyuma.

Programu ikatoa jibu: hoja ya mwenyekiti imesimama. Watu wakapiga makofi. Nekesa hakufurahi. Alikuwa amemwona Habibo, muuza mboga wa pale kichochoroni, ameinamisha kichwa bila kusema neno. Na mashine hupima kile tu ilichopewa.

"Mama Habibo," akamwita, "wewe ndiye unayeshinda pale. Unasemaje?"

Habibo akaeleza taratibu kwamba nyumba zote tatu ziliibiwa mchana, naye siku hizo alikuwa kwenye meza yake tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyempita na mzigo wa wizi. Ila ukuta wa nyuma ya mtaa umebomoka tangu mvua za Aprili, na nyumba hizo tatu zimepakana nao.

Nekesa akayaandika. Mshale mpya ukachomoza na kuipiga sababu ya mwenyekiti. Hoja yake, iliyokuwa ya kijani, ikageuka nyekundu mbele ya wote.

"Kwa hivyo nimeshindwa," akasema Githinji.

"Hujashindwa wewe, mzee. Ni sababu moja iliyoanguka. Kama unayo nyingine ya kuiinua, nipe niiweke."

Mzee akatikisa kichwa. Akageuka, akamshukuru Habibo kwa jina, kisha yeye mwenyewe akapendekeza ukuta ujengwe upya. Mikono yote ikainuka.

Daktari Mugo alimfuata Nekesa alipokuwa akikunja nyaya. Alimwambia kwamba wanafunzi wengi humletea mashine za kutoa majibu, lakini yake ilikuwa imekubali kubadili jibu hadharani na kueleza sababu.

Ukuta ulikamilika Julai, na wizi ukakoma. Nekesa akaongoza darasa lake. Siku ya mahafali, Githinji na Habibo walikaa safu moja, na jina la Nekesa liliposomwa, Habibo ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele.