Ngano Niliyoilowesha Siku Tatu

Wapo watu mtaani kwetu hapa Kindu ambao hadi leo wakiniona huniuliza kama kile kiwanda changu bado kinafanya kazi, na mimi hucheka nao, lakini afadhali niwaambie mwenyewe ilivyokuwa kabla hamjasikia kwa mwingine.

Mdogo wangu Zaina alikuwa karibu kuposwa. Wazazi wetu walishafariki, mimi Mwavita ndiye niliyemlea, kwa hiyo aibu yoyote siku ile ingekuwa yangu na hasara ingekuwa yake. Wageni walikuwa watu wa Lokandu, watu wa dini kweli, na mjomba wa kijana, Mzee Ramazani, alijulikana kwa jambo moja: aliwahi kuvunja posa ya mpwa wake mwingine kwa sababu alikuta chupa ya bia chini ya kiti cha baba wa msichana. (Baba wa watu alisema haikuwa yake. Wote husema hivyo.) Wiki nzima sikulala vizuri.

Sasa wageni wa posa kwetu huanza na chai na maandazi, na unga wa ngano Kindu hutoka mbali, ukifika una bei ya kukutoa jasho. Binamu yangu aliyerudi kutoka Lubero alikuwa ameniletea nusu gunia la ngano nzima, punje tupu, nami nikajiambia, Mwavita, utanunuaje unga na ngano iko ndani, si utasaga mwenyewe? Hapo ndipo nilipojiharibia.

Kwanza nikaazima kwa jirani ile mashine ya mkono ya kusagia karanga. Nikazungusha mpaka bega likauma, nikapata kikombe kimoja cha kitu kama mchanga. Ndipo nikamkumbuka mama. Miaka ya vita, treni ilipokoma na hakuna kitu kilichoingia mjini, mara chache sana tulipata ngano nzima. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, Zaina yuko mgongoni kwa mama, na nakumbuka wazi mama akiitia ngano kwenye maji kabla ya kuitwanga. Niliona kwa macho yangu. Basi mimi, mtu niliyekulia kwenye mihogo, nikishaambiwa kitu kinatiwa majini najua ni siku tatu, kama mihogo ya fufu, ugali wetu wa muhogo. Nikajaza mabeseni mawili, nikafunika, nikaendelea kupaka chokaa ukuta wa mbele.

Siku ya tatu nikafunua. Povu limejaa juu, punje zimeota vijimizizi vyeupe, na harufu, jamani, harufu ile niliwahi kuisikia mahali na haikuwa nyumbani kwa mtu anayeswali. Nikajipa moyo kwamba jua litaiondoa. Beseni moja nikalimwaga kwenye turubai, kando ya barabara maana ndiko kwenye jua, nikatandaza vizuri. Na ninyi mnajua ni nani huotesha nafaka kisha akaianika hivyo: ni wale wanaopika lutuku, pombe kali ya mahindi, inayotoneshwa kwa kujificha. Mimi sikuwaza. Wapita njia waliwaza. Mama mmoja alisimama akatazama turubai, akanitazama mimi na mtandio wangu, akamwomba Mungu atusamehe, akaenda zake. Nikadhani ana mambo yake.

Wageni tuliwatarajia jioni ya siku hiyo, lakini walipata chombo mapema, wakafika saa tano asubuhi: Mzee Ramazani, kijana mwenyewe, na nyanya yake, Bibi Tausi, mwanamke mdogo wa mwili asiyesema sana. Zaina akaja mbio kuniambia. Nikafunika turubai kwa shuka ya kitanda, beseni la pili nikalisukuma nyuma ya pazia la sebuleni (la sebuleni, fikirini akili yangu), nikawakaribisha wakae.

Joto la Kindu mnalijua. Haikuchukua muda, harufu ikatoka nyuma ya pazia ikakaa katikati yetu. Mzee Ramazani alikuwa anavuta tasbihi yake taratibu, kisha vidole vikasimama. Akanusa. Akatazama pazia. Nikaanza kuzungumzia mvua, nikaizungumzia mpaka sikuwa na neno jingine juu ya mvua, na Zaina haniangalii.

Hapo mwanamume nisiyemjua akasimama mlangoni na chupa tupu mkononi, akavua kofia kwa heshima.

"Mama, banasema kwako iko ya mupya."

Mzee Ramazani akainuka. Akaanza kutafuta viatu vyake. Nikaona posa ya mdogo wangu inaondoka na viatu vya mzee yule, nikalivuta pazia kwa nguvu hadi likakatika, nikasema yote kwa pumzi moja, ngano, mihogo, mama, na nadhani hakuna aliyenielewa. Bibi Tausi akainamia beseni, akachota punje, akatafuna.

"Hii njo ngano," akasema. "Nani alikufunza kuitia mu maji?"

"Mama yangu. Wakati wa vita."

"Alikuambia sababu?"

Nikatikisa kichwa.

"Ilikuwa sababu kinu isilie. Ngano kavu inalia mu kinu, basoda ba bunduki banasikia, banakuja kubeba chakula. Ya maji hailie." Akanishika mkono. "Na tulikuwa tunaipika siku ile ile, mwanangu. Hakuna mutu alikuwa na siku tatu."

Miaka yote ile nilidhani mama alikuwa ananionyesha mapishi. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia mbele ya wakwe, kitu ambacho hakifanywi. Mzee Ramazani akakaa tena, polepole, akamwambia yule wa chupa arudi kwake, kisha akasema atakunywa chai, maandazi hapana.

Zaina aliolewa, sasa ana watoto wawili. Yule wa chupa tukikutana bado huvua kofia. Nami nimeapa sitalowesha tena ngano maisha yangu: naitwanga kavu, mchana, mlango wazi, na mchi naushusha kwa nguvu zangu zote ili kinu kilie mtaa mzima usikie.