Karatasi ya Mlango wa Darasa la Tano

Mwanangu alinisomea mwenyewe, mimi nikichambua mchicha. Karatasi aliibandua kwenye mlango wa darasa lake, la tano. Juu picha yake, chini Kizungu, na chini ya Kizungu mtu katafsiri kwa kalamu: "Ana miaka kumi na mmoja. Baba amekufa kwa ukimwi. Mtoto na mama wameathirika."

Akanitazama. "Mama, si ulisema vidonge ni vya kifua?"

Nikachambua upya mchicha niliokwisha kuuchambua.

Kalamu ilikuwa nyekundu. Shuleni kwetu Pongwe nani anashika kalamu nyekundu? Mwalimu. Yule wa Kiingereza, aliyekuwa hakosi kwenye duka la intaneti mjini.

Lakini si yeye aliyeanza. Shamba la mkonge lilipouzwa, mume wangu alipunguzwa kazi, akaugua, akafa. Ndipo akaja bwana wa shirika la kutafutia yatima wafadhili, kamera shingoni. Mtoto akamwamkia shikamoo. Nilikuwa nimemvisha gauni la Idi, bwana akacheka: "Mama, mvue hilo. Nani atamfadhili bibi harusi?" Nikamvisha lililochanika. "Na useme yote, usifiche. Ndiyo watamhurumia." Nikasema yote. Mimi mtu wa ngumbaru, jina tu naandika. Karatasi yao ya Kizungu nikasaini. Nilidhani picha itatiwa bahasha, ifike kwa bibi mmoja Ulaya, aiweke kabatini mwake; kumbe waliitia mtandaoni, kila mtu aione.

Baada ya siku ile ya karatasi nilimfuata bwana wa shirika ofisini, aiondoe. "Mama, ikishaingia mtandaoni, imekwenda." Nikaenda polisi. Askari akauliza, "Mtoto kaibiwa nini?" Nikasema picha. "Si hiyo hapo mkononi mwako?" Wenzake wakaangua kicheko.

Shuleni wakamtengea kikombe cha uji. Akaacha shule, kisha akaacha vidonge, eti vinamtangaza. Nilimbembeleza, nikamchapa, nikalia. Tulimzika ana miaka kumi na minne.

Mimi nipo. Vyangu nameza.

Juzi mpangaji wangu kanitafutia kwenye simu yake. Yumo bado, na gauni lile lile lililochanika, ana miaka kumi na mmoja, anatafuta mfadhili. Nasikia sasa kuna sheria ya kulinda habari za watu. Haya. Mimi nilisaini, nimekiri. Bwana wa kamera yu hai, kajenga Pangani. Mwalimu kastaafu, hunisalimia sokoni kama hakuna kitu. Nani kati yenu atamtoa mwanangu mle? Semeni, nasikiliza.